Vekta zilifika kabla ya hesabu zake: kisa cha ramani ya mtaala kwenye shule yetu ya kata

Ilikuwa Februari 2021, kipindi cha tatu asubuhi, mi napita korido kuangalia madarasa yapi hayana mwalimu, si unajua kazi ya mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, ndo hiyo, nikasimama dirishani kidato cha tatu B. Madam wa fizikia kachora mkokoteni ubaoni, kamba inavutwa kwa nguvu ya nyutoni 40, kamba imeinuka nyuzi 60 kutoka chini, swali ni kwamba katika hizo 40 ngapi ndo zinaupeleka mkokoteni mbele. Kimya. Akarudia swali, kimya tena. Binti mmoja dawati la mbele akanyoosha mkono akasema taratibu, "Madam, hiyo kosaini hatujafundishwa." Madam akamwambia mlifundishwa mwaka jana kwenye hesabu, darasa zima likajibu kwa pamoja, "Hapanaaa!"

Basi akafuta ubao, akaanza kuwachorea pembetatu mraba, huu mkono mrefu, huu wa kando ya pembe, huu unaoitazama pembe, dakika zake 40 zikaishia hapo hapo na mkokoteni haujasogea. Mapumziko akaja ofisini kwangu akauliza, "Mwalimu, nifundishe fizikia au nifundishe hesabu? Niambie moja nijue."

Swali lake lilikuwa la haki na mi sikuwa na jibu. Nilikuwa na makabati mawili yamejaa maazimio ya kazi ya kila somo, ile mipango ya nini kitafundishwa lini, yamesainiwa na mkuu wa shule, yamegongwa mhuri, ila hakuna karatasi hata moja kwenye ile shule ingeniambia watoto wa B wamefika kidato cha tatu wakiwa wamefundishwa nini kweli.

Nikaenda kufukua. Azimio la hesabu la kidato cha pili la 2020 linaonyesha trigonometri, zile hesabu za pembe na pande za pembetatu zenye kosaini na saini, ipo, imepangwa muhula wa pili. Logi buku ya mkondo A, daftari la kuandikia mada zilizofundishwa, inaonyesha iligusiwa siku chache za mwisho. Logi buku ya mkondo B inaishia kwenye Pythagoras, baada ya hapo ni marudio ya upimaji wa taifa wa kidato cha pili mpaka mwaka unaisha. Na sababu inajulikana na kila mtu, shule Tanzania nzima zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa ajili ya korona, na madarasa ya chini ya kidato cha sita tukarudi tarehe 29 Juni, zaidi ya miezi mitatu imeondoka. Mwalimu wa hesabu aliporudi alifanya alichoweza, akabana mada, akachagua zile anazoona zitatoka kwenye mtihani. Hakumficha mtu. Kosa ni kwamba hakuna pahala popote pa kuandika "hii sikuifikia, atakayepokea hili darasa aanzie hapa", kwa hiyo Januari mwalimu wa kidato cha tatu kafungua silabasi ukurasa wa kwanza wa kidato cha tatu, kaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Lakini nilivyozidi kuchimba nikakuta korona ilifunua tu kitu kilichokuwepo siku zote. Kwa silabasi tuliyokuwa tunaitumia, fizikia ya kidato cha tatu inafungua na matumizi ya vekta, yaani vitu vyenye ukubwa na mwelekeo kama ile nguvu ya kamba, wakati hesabu inafundisha vekta kidato cha nne. Yaani mwanafunzi anazitumia mwaka mzima kabla hajafundishwa ni nini. Na kugawa nguvu kwa pembe kunataka trigonometri, ambayo kwenye hesabu ipo kidato cha pili lakini imekaa mwishoni mwishoni, baada ya Pythagoras, karibu na seti na takwimu, na walimu wa shule za kata wanajua mada za mwishoni mwa kidato cha pili zinavyokuwa, ndo za kwanza kutupwa mwaka ukibana. Nuru ikipinda kwenye kioo na maji, kidato cha tatu hicho hicho, ile saini ya trigonometri inatakiwa tena. Kwa hiyo hata mwaka ambao haukuwa na korona kulikuwa na madam anafuta mkokoteni ubaoni, sema tulikuwa tunasema tu "watoto wa siku hizi wazito".

Hapo ndo nikaamua tutengeneze ramani ya mtaala. Kwa asiyelijua hili neno, azimio la kazi linasema mwalimu mmoja wa somo moja atafundisha nini wiki gani. Ramani ya mtaala inayalaza masomo yote na madarasa yote pamoja juu ya kalenda moja, uone kidato cha tatu mwezi Machi anakutana na nini kwenye fizikia, hesabu, kemia, jiografia, kwa wakati mmoja, na kilichotangulia mwaka wa nyuma ni kipi. Wazo lenyewe limetoka Marekani, mtu anaitwa Fenwick English aliliandikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hoja yake ilikuwa kwamba mtaala ulioandikwa, unaofundishwa na unaopimwa kwenye mtihani ni vitu vitatu vinavyoweza kuachana kabisa. Baadaye miaka ya 1990 Heidi Hayes Jacobs akaisukuma sana ile njia ya kalenda, kila mwalimu aandike mwezi kwa mwezi anachofundisha kweli, halafu wasomeane. Hilo neno "kweli" mi nililipita haraka, na likanigharimu miezi miwili.

Likizo fupi ya Machi nikakaa na laptopu, nikachukua silabasi za masomo yote, nikajaza ekseli. Miezi juu, masomo pembeni, rangi kila somo, ikatoka kitu kizuri sana. Nikaprinti, nikamgawia kila mwalimu, mkuu akafurahi akaweka moja kwenye ubao wa matangazo. Mwezi wa tano nikazunguka kuuliza nani anaitumia, hakuna. Mmoja ameifanya gamba la daftari. Na hawakuwa wakaidi, kwa sababu ile karatasi ilikuwa inawaambia vitu vilivyo kwenye silabasi ambayo wanayo tayari mezani. Trigonometri kwenye ekseli yangu ilikuwa imekaa vizuri kidato cha pili, mwezi wa tisa, rangi ya kijani. Kwa mtoto wa B haikuwepo. Nilikuwa nimechora ramani ya kitabu, shule yenyewe haikuwemo.

Basi Julai tukaanza upya na safari hii nikaenda kwa mkuu kwanza. Nikamwomba mambo matatu, tuanze na kidato cha pili na cha tatu peke yake, tuanze na hesabu, fizikia, kemia na jiografia peke yake, na jina la mwalimu lisiandikwe popote kwenye ramani. Hilo la tatu alisita. Yeye alitaka ajue nani yuko nyuma. Nikamwambia mkuu, ukishajua nani yuko nyuma kwa kupitia hii karatasi, wiki inayofuata kila mtu atakuandikia kwamba yuko mbele. Akafikiria siku mbili akakubali, tena akaongeza kitu ambacho mi nisingethubutu kumwomba. Yeye anafundisha historia kidato cha tatu, vipindi vyake vingi vinaliwa na vikao vya halmashauri, akaja kwenye kikao cha walimu akasema la kwanza kubandikwa litakuwa la historia, akabandika, na mada mbili zilizopangwa muhula wa kwanza zimeandikwa "sijafika". Stafu ikawa kimya kidogo. Mzee wetu wa hesabu, ambaye alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu na ndiye aliyekuwa anaogopewa kwamba atagoma, akasema, "Kama mkuu kaandika hivyo, basi na mimi niandike yangu."

Kwa wiki kumi hivi, kila Ijumaa saa nne mwalimu anaandika mistari miwili mitatu kwenye kaunta buku moja inayokaa juu ya meza ya chai, nimefundisha nini wiki hii kwa kila mkondo, na watoto walikwama wapi. Hakuna fomu ya kujaza. Niliwahi kufikiria kutengeneza fomu yenye visanduku vya malengo, umahiri, zana na tathmini, madam wa kemia akaniambia ticha ukileta fomu mi najaza Jumatatu kwa wiki nzima inayokuja, na ndivyo kila mtu anavyofanya na andalio la somo, nikaachana nayo. Meza ya chai pia haikuwa bahati, pale ndo pahala pekee ambapo kila mwalimu anafika kila siku.

Septemba, Jumamosi moja, tukabandika karatasi za manila nane kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, tukahamisha yote ya kaunta buku kwa maka peni, kila mtu anasoma ya mwenzake na sio ya kwake. Kanuni ilikuwa nyekundu palipo na shimo, bluu panapotakiwa kitu kutoka somo lingine, kijani panapojirudia. Tulipanga masaa mawili tukakaa mpaka saa tisa alasiri, wali na maharage viliagizwa kwa mama ntilie wa nje.

Shimo la trigonometri tulikuwa tunalijua, ila yaliyotoka mengine hatukuyajua.

La kwanza ni mkondo B. Kwenye hesabu B walikuwa nyuma ya A kwa mada karibu moja na nusu, mwalimu ni yule yule, kitabu kile kile. Miaka yote jibu lilikuwa kwamba B ni wazito, mpaka na wenyewe walishaamini hivyo. Kwenye ukuta, mistari ya B imejaa "kipindi hakikufanyika", na ukitazama ni siku ile ile kila wiki. Kipindi pacha cha hesabu cha B kilikuwa Ijumaa mchana! Ijumaa mchana wanaoswali wanaenda msikitini, waliobaki ni usafi wa mazingira na maandalizi ya wikiendi, kwa hiyo darasa lile lilikuwa linapoteza vipindi viwili vya hesabu karibu kila wiki tangu Januari. Ratiba hiyo niliipanga mimi. Nilisimama pale mbele ya walimu na ile maka peni mkononi, nikasema hili ni langu, Jumatatu ratiba inabadilika. Sijawahi kusahau, kwa sababu kuna watoto arobaini na kitu waliitwa wazito kutokana na kisanduku nilichojaza bila kufikiria.

La pili ni jiografia na hesabu. Kidato cha kwanza jiografia wanafundisha latitudo na longitudo, watoto wanakokotoa saa, nyuzi 15 ni saa moja, nyuzi moja ni dakika nne. Kidato cha tatu hesabu wanafundisha dunia kama tufe, na mzee wa hesabu kila mwaka anatumia wiki nzima kuelezea longitudo ni nini kutoka mwanzo. Mwalimu wa jiografia kakaa naye ofisi moja miaka sita, meza zinatazamana, hakuwahi kujua. Akamwambia, "Mzee, hao ukiwaambia walete daftari la jiografia la kidato cha kwanza wanayo hayo." Mzee akaguna tu, akachukua maka peni ya kijani akazungushia mwenyewe.

La tatu lilimtoa machozi kidogo madam wa kemia, na sio utani. Mwezi wa tatu alifundisha moli, kipimo cha kuhesabia chembe ndogo ndogo za vitu, pamoja na ile namba ya Avogadro, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, na darasa likafeli jaribio lote. Alidhani kemia yake ndo haieleweki. Kwenye ukuta tukaona kuandika namba kwa vipeo vya kumi wanakutana nako kidato cha pili kwenye mada ya logi, yaani logarithimu, na kwenye ile miezi iliyobanwa ya 2020 mada ya logi ilifundishwa kwa haraka, wiki moja. Akaleta yale makaratasi ya jaribio kutoka kabatini, tukayapitia pamoja, na wengi walikuwa wamepanga hatua za moli vizuri kabisa, wamepotea pale tu pa kugawanya vipeo. Kemia walikuwa wanaijua.

Sasa kurekebisha. Hapa ndo watu wengi wanakosea wakisikia ramani ya mtaala, wanadhani utaivunja silabasi. Huwezi. Mada zote zitapimwa na Necta, baraza la mitihani la taifa, na huna ruhusa ya kutoa hata moja. Ulichonacho ni mpangilio ndani ya mwaka, na hata huo una kamba shingoni, kwa sababu mitihani ya pamoja ya mkoa na ile ya ujirani mwema, ya shule jirani kwa pamoja, inatungwa kwa kufuata mpangilio wa silabasi, ukisogeza mada baada ya mtihani wa Mei umewatosa watoto. Tulibishana sana hapo. Madam wa fizikia alitaka vekta ziende Agosti, mi nikakataa kwa sababu ya mtihani wa mwisho wa muhula. Tukafikia hivi, Januari 2022 fizikia kidato cha tatu ianze na mada za joto, kutanuka kwa vitu na usafiri wa joto, ambazo hazidai pembe yoyote. Wiki hizo hizo mzee wa hesabu anatumia wiki mbili za mwanzo kurudia trigonometri kwa vitabu vya fo figa, vile vya majedwali ya kosaini na logi, halafu anatoa vipindi vitatu vya vekta kwa utangulizi, mshale ni nini, kujumlisha kwa pembetatu na kwa msambamba, basi, mada yenyewe kamili inabaki kidato cha nne pale pale. Mwisho wa Februari fizikia inaingia vekta. Nuru na kupinda kwake inafuata, na zote zinaisha kabla ya Mei.

Vipindi vitatu. Ukiangalia ugomvi wote ule, kilichotakiwa kutoka somo moja kwenda jingine kilikuwa vipindi vitatu na wiki mbili za marudio. Kemia na hesabu walikubaliana kitu kidogo zaidi, kwamba wiki moja kabla ya moli mzee anatoa maswali kumi ya vipeo kama zoezi la nyumbani na madam ndiye anayeyasahihisha, ili ajue anaanza na darasa la namna gani.

Yaliyoenda vibaya nayo yapo. Aprili ile kaunta buku ilikaa wiki tatu bila kuandikwa kwa sababu nilikuwa kwenye semina na hakuna aliyekumbusha, kwa hiyo ramani ya mwezi huo tuliijaza kwa kukumbuka, na kukumbuka ndo kile kile cha ekseli. Juni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilichukua walimu wawili na wanafunzi kadhaa, tulijua itakuja, ipo kila mwaka, na bado hatukuiweka kwenye kalenda. Masomo ya lugha tuliyaacha nje, na najuta, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili alinionyesha baadaye kwamba watoto wanaochambua dhamira na wahusika vizuri sana kwenye tamthilia ya Kiswahili wanatoa macho wakiambiwa wafanye hivyo hivyo kwenye Kiingereza, hawajui ni kazi ile ile kwa lugha nyingine, na hakuna anayewaambia.

Kilichonishawishi kwamba ramani inafanya kazi hakikuwa matokeo, maana darasa moja mwaka mmoja matokeo yanapanda na kushuka kwa sababu mia. Ni Machi 2022 madam wa fizikia alipopata uhamisho, kamfuata mumewe mkoa mwingine, katikati ya vekta. Zamani hapo ni miezi miwili imekufa. Tukapata kijana wa kujitolea, katoka chuo hana hata mwaka, nikampeleka ukutani, nikamwonyesha kidato cha tatu A na B, hapa ndo walipo, hiki wameshapewa na hesabu, hapa ndo walikwama. Akasimama pale kama nusu saa na daftari lake anaandika. Kesho yake kipindi cha pili nikapita dirishani B, kachora ubaoni mtu anavuta boti kwa kamba, na wale watoto wanafunua fo figa bila kuambiwa.

Sasa hivi kuna kazi mpya. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, kwa hiyo kwenye shule moja una madarasa yanayosoma silabasi ya zamani na mengine mpya, na ukuta wetu wa manila unatakiwa uwe na rangi mbili mpaka wa zamani waishe. Mtu asichukue mpangilio wetu wa 2022 akaubandika kwenye silabasi mpya, mada zimehama. Mzee wa hesabu kastaafu. Siku anaaga alipita kwenye ukuta akaomba maka peni, pale kwenye mada ya logi ya kidato cha pili akaandika "wiki mbili, isipungue", na mpaka leo hakuna aliyepafuta.